Kuanzia Ukurasa wa Sabini na Mbili

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi nyote mliofika leo, Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, kumsindikiza baba yetu, mimi ni mkwe wake, mke wa kitindamimba wake, na nimesimama hapa kwa sababu yeye mwenyewe alitaka hivyo, alimwambia Mama wiki tatu zilizopita kwamba historia yake isomwe na msomaji wake, na isomwe yote. Nawaomba mnivumilie nikikwama, masomo yangu yaliishia darasa la saba, na mbele kuna mahali nitakapokwama hata kama maneno yenyewe ni mepesi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1954, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, na ndugu zake wanasimulia kwamba akiwa na miaka sita aliifungua saa ya mteja, akaifunga tena ikabaki skrubu moja mezani, saa ikaendelea kutembea vizuri tu, babu yetu akashindwa kuamua amchape au ampe kazi. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, sekondari kuanzia 1969 hadi 1972, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1973, akahitimu fundi wa elektroniki tarehe 28 Novemba 1975.

Aliajiriwa Januari 1976 katika kiwanda cha kuunganisha redio, akakaa miaka kumi na miwili, na tarehe 1 Machi 1988 akarudi chuoni kwake kama fundi wa maabara ya mafunzo, maabara ndogo ya vyumba vitatu ambako vijana walifundishwa kutengeneza kwa mikono yao zile chipu, vipande vidogo vinavyoziendesha simu zetu na mashine za hospitali, kuanzia sahani nyembamba ya silikoni hadi kipande kinachofanya kazi. Kwa kuwa punje moja ya vumbi huharibu kazi ya wiki nzima, marehemu alikuwa akisimama mlangoni kukagua nywele, kucha na kola za kila anayeingia, awe mwanafunzi au mkuu wa chuo, wakambandika jina la Fundi Vumbi, naye akalipenda, akaliandika kwa mkono wake kwenye kabati la ovaroli. Alistaafu tarehe 30 Juni 2014, lakini kila Jumatano alikwenda huko huko bila kuitwa na mtu, na hakuna aliyewahi kumuuliza amefuata nini.

Alifunga ndoa na Mama tarehe 17 Desemba 1979, wakati huo Mama akiwa mpiga chapa wa kiwanda, na Mama anasema alikuja mara nne kutengeneza taipureta ambayo haikuwa imeharibika, mara ya tano ndiyo akasema kilichomleta. Walijaliwa watoto watatu, binti yao mkubwa ambaye ni mshonaji, aliyezaliwa 1981, wa pili mpima ardhi, aliyezaliwa 1984, na mume wangu, dereva wa malori, aliyezaliwa 1990, na wajukuu sita, ambao marehemu aliwanawisha mikono mara nyingi kuliko mama zao.

Tarehe 12 Novemba 2018 aliteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la serikali la ushauri kuhusu utafiti wa chipu, watu kumi na watano ambao kazi yao ni kuishauri wizara nchi itafiti nini, itafitie wapi na kwa vifaa gani, wengine wote wakiwa maprofesa na wakurugenzi, yeye peke yake akiwa fundi. Sisi nyumbani tulimtania kwamba anakwenda kula biskuti za serikali, akatujibu kwamba biskuti ndiyo hoja pekee iliyowahi kupita barazani bila mjadala, lakini tulijua alivyoipenda kazi ile, maana aliamini kwamba mpango wa taifa ukiandikwa na watu ambao hawajawahi kuvunja sahani ya silikoni kwa mikono yao, utajenga majengo na kusahau mikono.

Hapa naanza jambo ambalo familia imelijua kwa siku tatu tu, na Mama ameniruhusu nilisome.

Ugonjwa wa sukari ulianza kuyala macho ya Baba mwaka 2017, na kufikia 2020 alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Hakuwaambia barazani, alihofu kiti cha fundi kitapewa mtu asiyejua vumbi ni nini. Dereva wa ofisi alijua, kwa sababu alikuwa akishuka kila mara na kumshika Baba kiwiko huku akijifanya anamsalimia kwa furaha, na karani wa baraza nadhani alijua, kwa sababu karatasi zake zilianza kuja na herufi kubwa kuliko za wenzake, bila yeye kuomba. Mimi ndiye niliyemsomea. Nilipojikwaa kwenye neno hakuwahi kunicheka wala kunisahihisha haraka, aligonga mkono wa kiti kwa kidole, mara mbili, maana yake endelea mwanangu, neno litakuja.

Jumatatu tarehe 10 Mei 2021 ililetwa rasimu ya mpango wa taifa wa utafiti, kurasa tisini na sita, imegongwa muhuri wa Kwa Wajumbe Tu, na wajumbe walipewa siku kumi na nne kutia sahihi fomu ya kukubali au kupinga. Mtoto wangu alikuwa na miezi minne, nilisoma huku ananyonya, nikasoma siku baada ya siku hadi ukurasa wa sabini na moja. Kuanzia wa sabini na mbili yalikuwa majedwali ya viambatisho, ambayo karani hakuweza kuyakuza kwa sababu yangemwagika nje ya karatasi, maandishi madogo, vifupisho vitupu, herufi tatu tatu nisizojua hata zinatamkwaje. Nilijaribu mstari mmoja, nikajikwaa mara nne, nikaona aibu, ndugu zangu, aibu ya kuonekana sijui kusoma mbele ya mtu aliyekuwa akiniita msomaji wake. Nikamwambia yaliyobaki ni orodha za vifaa tu, akauliza kama nina hakika, nikasema ndiyo Baba. Fomu ilikuwa na maneno, Nimesoma rasimu yote pamoja na viambatisho vyake, na sina pingamizi. Mimi nilimsomea, Nimesoma rasimu yote na sina pingamizi, nikamshika kidole nikakiweka penye mstari, akatia sahihi.

Mpango ulipitishwa tarehe 30 Juni 2021. Siku ya Alhamisi tarehe 16 Septemba mkuu wa maabara ya mafunzo, ambaye Baba alimfundisha tangu akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, alikuja nyumbani na barua mkononi, hakukaa, akamweleza kwamba maabara inafungwa na mashine zinahamishiwa kituo kipya, kwamba jambo hilo limo katika kiambatisho cha nne, mstari wa kumi na tisa, na kwamba ameiona fomu ya Baba. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Akamwambia, "Fundi Vumbi, umetufunga kwa mkono wako mwenyewe."

Baba aligeuza kichwa kidogo kuelekea mlangoni niliposimama, maana vikombe vilikuwa vinagongana kwenye sinia, kisha akasema, "Nilisoma, binti yangu. Akili yangu ndiyo haikuwepo siku hiyo."

Yule dada akaondoka, na hakurudi tena nyumbani kwetu. Nilipiga magoti mbele yake, Baba akaniuliza kama chai imepoa, akanywa hivyo hivyo, kisha akasema, "Lete ule mkoba wa karatasi za baraza. Tuanze ukurasa wa sabini na mbili." Tukasoma siku tatu, kifupisho kwa kifupisho, akinifundisha kila kimoja kinasimamia nini, na tulipofika mstari wa kumi na tisa nikasoma huku nalia, akagonga mkono wa kiti mara mbili.

Angeweza kujitetea. Kanuni za baraza zinaruhusu uamuzi urudishwe mezani kama mjumbe hakuweza kuisoma rasimu, lakini angelazimika kusema ni nani aliyemsomea karatasi zenye muhuri ule, na wangeuliza huyo msomaji aliruka nini. Hakunitaja. Maabara ilifungwa Ijumaa tarehe 29 Oktoba 2021, wanafunzi kumi na mmoja wakaambiwa wasubiri kituo kipya, ambacho mpaka leo ni uzio na bango, na Baba akajiuzulu tarehe 15 Novemba, watu wakisema mzee alisaini bila kusoma, wengine wakisema mabaya zaidi ya hayo. Jumatano ya kwanza baada ya kufungwa alivaa nguo zake za kazi, akakaa kibarazani kwetu mpaka saa sita, akazivua.

Figo zilianza kushindwa Agosti 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, alituaga hospitalini akiwa na miaka sabini na siku nane, Mama akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi nikiwa na gazeti ambalo alikuwa hajasema niache kusoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, hasa muuguzi aliyekuwa akipasha moto kiganja chake kwanza kabla ya kumgusa Baba, tunawashukuru majirani, jirani yetu fundi seremala aliyeweka kingo za mbao kwenye ngazi zetu bila kuambiwa, dereva wa ofisi, ambaye namwona pale nyuma, na karani wa herufi kubwa. Mkuu wa maabara, dada yangu, nimekuona umeingia, umesimama peke yako, nakuomba radhi mbele ya watu hawa, aliyekufunga ni mimi, Baba alikupenda na hakukuuza.

Mama mwenyekiti wa baraza, nakushukuru kwa kuja. Mapitio ya mpango yanafunguliwa mwezi ujao, na Baba aliniandikisha maelezo ya kurasa mbili kuomba maabara ifunguliwe, ambayo nilikaa nayo tangu Aprili kwa sababu nilijua yakifika kwako itabidi nieleze haya yote. Nimeyaweka mezani mbele yako, na nyuma yake kuna kiambatisho, kimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, kinaeleza nani alisoma, lini, na aliruka nini. Nakuomba usikiruke.

Historia hii ina kurasa tano, nimezisoma zote. Upumzike kwa amani, Baba, na kama nilijikwaa mahali, nilikusikia ukigonga.