Provia Alungat, Aliyeketi Mchangani na Watoto

Ndugu waombolezaji, wa Padhola, wa Teso, wa Samia, na ninyi mliovuka mpaka asubuhi hii: wasifu huu tumeuandika kwa Kiswahili ili asiwepo wa kutafsiriwa. Unasomwa na Opendi, shemeji wa marehemu, ambaye marehemu alimtania mpaka wiki yake ya mwisho.

Provia Alungat alizaliwa tarehe 12 Machi 1984 huko Sikuda, Wilaya ya Busia, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Emoit na Mama Truphena. Alisoma shule ya msingi hukohuko Sikuda, sekondari Tororo, na mwaka 2006 akahitimu ualimu. Mama Truphena anasema ukimtuma maji alirudi na ndoo nusu na maswali tele.

Alianza kufundisha Tiira, penye mashimo ya dhahabu. Mwaka 2011 shimo moja liliporomoka na kuua wazazi wa baadhi ya wanafunzi wake. Watoto wakawa kila mapumziko wanacheza kufukiana mchangani. Walimu wenzake walisema huo ni uchuro, wakashika fimbo. Alungat aliketi chini vumbini na gauni lake safi, akauliza, "Sasa mimi nakuwa nani?" Mtoto mmoja akamjibu, "Wewe unakuwa baba. Sisi tunakutoa." Na kweli wakamfukua, wakamtoa, wakampangusa uso. Siku ile aliamua kwenda Kampala kusomea ushauri nasaha wa watoto.

Tarehe 14 Desemba 2013, akiwa bado masomoni, alifunga ndoa kanisani na Ochwo, wakala wa forodha mpakani Busia. Ochwo ni mtu wa maneno machache, mnamjua. Alungat alizungumza kwa niaba ya wote wawili. Agosti 2017 walijaliwa mtoto wao wa pekee, Tracy.

Chumba chake cha kazi mjini Tororo alikifungua mwaka 2015. Kilikuwa na beseni la mchanga, wanasesere wa majani makavu ya mgomba, na kikombe cha plastiki. Mtoto alicheza kwanza, na katika kucheza, lile wazo baya lililomkaa kichwani likajitokeza lenyewe. Kisha alijaza mchanga kikombeni kadiri alivyoliamini wazo hilo, na wawili wakatafuta njia ya kulijaribu, waone kama ni kweli. Watu walisema, "Mwalimu mzima, kazi yake kucheza!" Yeye alicheka tu, akawakaribisha waketi mchangani.

Februari mwaka huu aligundulika na saratani ya tumbo. Alitibiwa Kampala, na Julai madaktari wakamrudisha nyumbani. Lakini kilichomuumiza zaidi hakikuwa ugonjwa. Tracy alikuwa haendi karibu na kitanda chake, na chakula anakigusagusa tu. Alungat akaomba beseni la mchanga liletwe chumbani. Tracy alilaza mwanasesere mmoja, akamrusha mwingine juu yake.

"Huyu amelala ana nini?" mama akauliza.

"Anagonjeka. Ni hii mtoto aliruka kwa tumbo ya mama yake."

Masikini, Krismasi iliyopita wakicheza, Tracy alimrukia mama yake tumboni kweli! Kikombe alikijaza mpaka kikafurika.

Alungat, nguvu hana, akasema, "Haya, tujaribu. Mwite baba yako mdogo." Basi Opendi akalazwa mkekani na kurukiwa tumboni bila huruma. "Jamani, kwani tumbo yangu ni uwanja ya mpira?" akalalamika, na Alungat akacheka mpaka akashika mbavu. Wiki nzima, kila asubuhi, Tracy alikuja kumkagua: "Baba mdogo, umeamka? Umekula? Lete tumbo." Opendi alikula kwa bidii siku zile kuliko maisha yake yote. Mchanga ukapungua kikombeni, na Tracy akaanza kulala kando ya mama yake.

Ulibaki mchanga kidogo. Alungat akamwambia mumewe, "Siku yangu ikifika, msimwambie nimesafiri. Atadhani tunamficha kosa lake. Wewe ndiye utamwambia." Ochwo alilia, akasema hataweza.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi. Shangazi Loy alikuwa ameshafunga begi la mtoto ampeleke Busia ya Kenya mpaka mazishi yaishe. Hatumlaumu, ndivyo tulivyozoea sote. Ochwo alitoka chumbani, akapiga magoti mbele ya Tracy, akasema, "Mama amekufa."

Mtoto akamtazama. "Si mimi?"

"Si wewe, mwanangu. Ni saratani."

Hapo Tracy akalia kwa sauti, na baba yake akalia naye. Shangazi Loy akalifungua begi.

Marehemu ameacha mume wake Ochwo, mama yake Truphena, kaka yake Engole, sisi mashemeji zake, watoto wengi wa Tiira na Tororo waliomwita Mwalimu, na binti yake Tracy, ambaye amekaa pale mbele na atatia udongo kaburini kama sisi wengine. Akiwauliza neno leo, tunawaomba, mjibuni ukweli.

Lala kwa amani, Alungat wetu. Mtoto anajua si yeye.