Mchungaji Hedley Waldan na Sauti Ambayo Haikuthibitishwa

"Shauri la Manispaa kuhusu Utoaji wa Sauti ya Kiroho kabla ya Saa za Kazi, Kijiji cha Auhya Sirpi": hilo ndilo jina refu kuliko yote ambayo serikali iliwahi kumpa marehemu mjomba wangu, Mchungaji Hedley Waldan Panting, na kwa kuwa yeye ndiye aliyewaandikia wafu wote wa kijiji hiki historia zao, kama ilivyo desturi ya Kanisa letu la Moravian, kisha akaondoka bila kuandika yake, familia imenituma mimi, Evenor, mtoto wa dada yake, niisome mbele yenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 hapa hapa Auhya Sirpi, ingawa cheti chake kinasema Juni 1953, maana ndipo karani wa mji wa Bilwi alipopata nafasi ya kumtambua, naye akawa anasherehekea siku zote mbili, akisema hawezi kubishana na ofisi inayomwongezea mkate wa nazi. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1959 hadi 1965, akafanya useremala pamoja na baba yake, akaingia Chuo cha Biblia mwaka 1972, na tarehe 7 Desemba 1975 akawekewa mikono kuwa mchungaji. Tarehe 23 Aprili 1977 alifunga ndoa na Melvinia Cuthbert, na mwaka 1979 Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Zunilda, aliyefika jana kutoka Panama. Vita vilipotutoa makwetu mwaka 1982 alihubiri katika kambi ya wakimbizi Honduras, chini ya turubai, na tuliporudi alikuwa wa kwanza kushika nyundo, kama alivyokuwa tena baada ya kimbunga cha 2007 kuondoka na paa la kanisa.

Mwaka 2009 miguu ya mama mchungaji ilikataa kumfikisha kanisani, ndipo marehemu alipofunga kipaza sauti kwenye nguzo nje ya kanisa, ili kila alfajiri mkewe asomewe Neno la Siku akiwa kitandani, na baada ya Neno akaanza kuongeza wazo lake mwenyewe, fupi, juu ya imani na maisha ya kawaida. Alitueleza kwamba amemkasirikia kuku kwa muda mrefu kuliko aliomwomba Mungu, kwamba humsamehe mtu fulani kila Jumapili na kumchukia upya kila Jumatatu, kwamba kukua kiroho ni kama kuranda mbao, unachokiona zaidi ni takataka. Akirudi nyumbani mkewe alimpokea na hukumu: "Leo umesema vizuri, baba Zunilda, ila pale katikati umejisifu kidogo." Mama huyo alituacha tarehe 3 Novemba 2011, marehemu akaendelea kuzungumza kila alfajiri, lakini hakuna tena aliyempokea mlangoni.

Mnajua kwamba kwetu mhubiri hasifiwi usoni, anayemsifu anaonekana anamharibia roho, kwa hiyo watu walimpa mkono, wakamwuliza habari za mihogo yake, basi. Kila nilipokuja kumwona aliniuliza swali lilelile, huku akijifanya anatafuta miwani: "Hivi, mpwa wangu, unadhani kuna mtu anayenisikia kule nje?" Mimi naishi Bilwi, nikamwambia awaulize wanakijiji wenyewe, naye akasema mchungaji anayeomba sifa afadhali arudi kwenye useremala.

Ndipo mgeni mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni ufukweni alipopeleka malalamiko, na tarehe 18 Agosti 2021 afisa wa utulivu wa umma akaja na meza yake ya kukunja, akaketi ukumbini, akaanza kuwahoji wanakijiji mbele ya marehemu, aliyekuwa benchi la kwanza na kofia magotini.

"Bibi, sauti hii inakusumbua?" alimwuliza Bibi Ernestina Bendles, jirani wa marehemu.

"Sauti gani, mwanangu?"

"Ya mchungaji, alfajiri."

"Kumbe huwa anaongea? Mimi nikilala ni gogo."

Akaitwa Rolin, mzamiaji wa kambakoche. "Masikio yangu yalibaki chini ya maji, mheshimiwa, hata mke wangu simsikii."

"Humsikii, au hutaki?"

"Nikijibu hilo, utanipa pa kulala leo?"

Ukumbi ulicheka, na kijiji kizima kikapita mezani, mmoja mmoja, kila mtu akidai kwa uso mkavu kwamba hajawahi kusikia kitu, kwa hofu kwamba atakayekiri amesikia atakuwa shahidi dhidi ya mchungaji wake. Afisa aliandika kwamba uwepo wa sauti haukuthibitishwa, akafunga shauri, akakunja meza. Marehemu alinipigia simu jioni. "Tumeshinda, Evenor," alisema. "Sasa ni rasmi kwamba hakuna anayenisikia." Nikacheka, kwa kuwa utani wake ulikuwa hivyo daima.

Kuanzia siku iliyofuata alisoma Neno bila wazo, na ilipofika Majilio alizima kipaza sauti kabisa. Kijiji kilidhani anangoja muda wa rufaa upite, kikaona ni busara kutomgusia. Aprili 2022 moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikavimba, akalazwa Bilwi mara kadhaa, na Alhamisi tarehe 9 Februari 2023 alifariki nyumbani kwake, akiwa peke yake, Bibi Ernestina akamkuta alipompelekea uji wa ndizi.

Jana, tulipokuwa tukiandaa jeneza, nilimsikia Bibi Ernestina akisema, "Lile wazo lake la kiatu kinachobana ndilo lililonirudisha kwa dada yangu." Rolin akadakia, "La kiatu? Wewe hukusikia lile la kuogopa giza, mimi niliacha pombe kwa lile." Wakaendelea hivyo, wakisahihishana maneno, mpaka Zunilda akawaomba wanyamaze.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliotuazima boti, majirani, wachungaji wenzake, na Manispaa pia, ambayo imetuma rambirambi zenye nambari ya shauri.

Lala kwa amani, mjomba. Kijiji kizima kilikuwa kinakusikiliza, na hakuna aliyekuambia.