Bi Taratibu na Amri Mbili za Jina Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Ijumaa tarehe 29 mwezi huu Bi Taratibu anastaafu. Aliingia gazetini kama msafisha picha katika chumba cha giza, anatoka akiwa msimamizi wa picha za tovuti. Chumba cha giza kilipofungwa, alijifundisha kuandika programu za tovuti akiwa na miaka arobaini na sita, kwa daftari na penseli.

Jina hilo la utani alipewa na mhariri, kwa hasira. Yeye alilipokea kama cheo.

Wengi watamkumbuka kwa Jumanne moja, miaka tisa iliyopita. Familia ilituletea picha ya bibi yao, aliyetoka nyumbani jana yake na kusahau njia. Saa tatu asubuhi ikawa tovutini. Kwenye kompyuta za ofisi bibi alionekana vizuri, akitabasamu. Kwenye simu, waliko wasomaji wetu wengi, lilionekana sikio la kushoto na pindo la kilemba. Msomaji mmoja alipiga kuuliza, kwa heshima zote, kama tunatafuta mtu au sikio.

Mjukuu wa bibi alikuwa bado amekaa mapokezi. Ofisi nzima ilitaharuki: kila mtu alipaza sauti, hakuna aliyefungua faili. Bi Taratibu alivaa miwani, akasoma msimbo wa tovuti mstari kwa mstari.

Alikuta amri mbili, zote zikiitwa "ndogo". Ya kwanza, aliyoiandika yeye, ilipunguza picha nzima itoshe kwenye simu. Ya pili, iliyoongezwa wiki iliyotangulia, ilikata kipande cha pembeni kwa ajili ya orodha ya habari. Mtambo wa tovuti ulimtii aliyeingia mwisho. Amri hiyo ya pili iliandikwa na mwandishi wa wasifu huu, ambaye wakati huo alikuwa akipaza sauti kuliko wote.

Hakumgombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ukiita jina moja wakaitika wawili, mwenye kosa ni aliyewapa jina." Akaibadilisha ya pili iitwe "kipande", katika kurasa thelathini na nane, mojamoja, asije akaigusa ile ya kwanza. Saa tano kasoro, uso wa bibi ukatokea kwenye simu, mzima.

Saa saba fundi cherehani wa karibu na stendi alipiga simu. Ameiona picha, bibi yuko kibarazani kwake tangu asubuhi, na ameshakosoa mishono yake yote. Mjukuu alitoka mbio bila kuaga. Bi Taratibu aliomba ruhusa ya dakika tano, ombi pekee la ruhusa lililomo kwenye faili lake, akaenda stoo kulia.

Katika taarifa yake aliandika kuwa kosa lilikuwa la majina, na hakutaja jina la mtu. Mhariri anaijua habari hii leo, kwa kuisoma hapa.

Asante, mama, kwa kunisitiri, na kwa kutufundisha kusoma kabla ya kupiga kelele. Tunakutakia afya tele na mapumziko marefu. Ila simu, tafadhali, usiizime.