Chai Ina Kiwanda, Sosholojia Je?

Ukitaka kujua bei ya ndizi Keumbu, waulize wanaopakia malori. Ukitaka mambo yasiyo na bei, njoo kwenye benchi letu nje ya duka la Warsame, ambapo kahawa ya tangawizi hutoka kwa birika na maneno hutoka kwa yeyote. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne. Kulikuwa na Omosa, tunayemwita Bonasi kwa sababu hupima dunia nzima kwa chai yake na bonasi ambayo kiwanda hulipa Oktoba. Kulikuwa na Makori, yaani Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Duke wa bodaboda tunamwita Breki kwa sababu hana. Wa nne ni mimi. Ndipo akaja Ochoki, uso umekunjamana. Binti yake Mong'ina ameitwa chuo kikuu kusoma sosholojia, miaka minne, kwa mkopo wa serikali ambao mwishoni utakaribia laki nne. Mwisho wa kukubali nafasi ni leo, na msichana yuko ng'ambo ya barabara, kwenye saiba, kile kiduka cha intaneti, akingoja baba atoe neno. Benchi likafurahi, maana hatukuwa na mada.

Waziri: Sosho nini?

Ochoki: Sosholojia. Anasema ni kusoma vile watu wanaishi.

Waziri: Si aketi hapa atuangalie bure?

Breki: Wazee, sikieni. Kuna msee wa Ogembo alisoma hiyo kitu, saa hii tuko na yeye steji. Anaweza kukueleza kwa nini abiria hana doo. Lakini kubadilisha plagi, hajui.

Bonasi: Yaya, hapana, Breki! Wewe unaangalia mwaka wa kwanza. Digrii ni mche wa chai. Miaka tatu unapalilia, huchumi kitu, majirani wanakucheka. Ikikubali, unachuma mpaka unazeeka, na mtoto wako anachuma.

Waziri: Chai iko na kiwanda. Lori inakuja hadi kituo cha kununua kuchukua majani. Sosholojia kiwanda yake iko wapi?

Bonasi akaomba kahawa. Nikaona nimsaidie. Nikasema Nyanchoka wa kwetu alisoma hiyo hiyo, sasa yuko na shirika fulani huko Nyamira, na anapokea elfu hamsini.

Breki: Mwambie pia alitembeza bahasha za kuomba kazi miaka mitatu kwanza. Akianza walimpa elfu ishirini na tano.

Ochoki: Elfu ishirini na tano! Toa nyumba, toa chakula, toa nauli. Mkopo unalipwa na nini?

Waziri: Ochoki, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Maana yake, chukua mkopo sasa kabla haijapanda bei.

Tulimwacha. Ukimsahihisha Waziri methali moja, anakuongezea tatu.

Bonasi: Na hawa watu wa mashirika si huja hapa kutuuliza tunakula mara ngapi kwa siku? Wanalipwa kwa kuuliza. Mong'ina akimaliza, aje atuulize sisi kila wiki. Sisi tunajibu, yeye analipwa, tunagawana.

Breki: Mimi nitasema nakula mara moja. Wakisikia huruma wanaongeza bajeti.

Waziri: Nyinyi mnafikiria kidogo. Msichana wa digrii, mahari yake ni ng'ombe ngapi? Wa gredi, si hizi za kienyeji za kukohoa. Kila mwaka wa chuo, ng'ombe mbili. Miaka nne, nane. Ochoki anauza, analipa serikali, anabaki na maziwa. Mgeni njoo mwenyeji apone!

Hapo tulicheka mpaka Warsame akatoka nje na birika kuona nani ameanguka. Ochoki peke yake hakucheka. Nilimhurumia, kwa kweli. Mtu aweza kukosa usingizi kwa jambo ambalo wenzake wanalinywea kahawa.

Ochoki: Mimi naogopa. Kuna kozi ya umeme hapa mjini, miaka mbili, naweza kulipa na chai. Lakini roho yake iko kwa hii ingine. Nitamwachaje mtoto wangu aanze maisha na deni? Mtu wa deni hasimami mbele ya watu.

Bonasi: Hiyo ni kweli. Deni ni kitu mbaya.

Waziri: Mtu mzima hakai na deni.

Breki: Hata mimi siwezi.

Tulikuwa bado tunatikisa vichwa kwa hekima hiyo Mong'ina alipovuka barabara. Akatusalimu mmoja mmoja, kwa heshima, kisha akabaki amesimama mbele ya baba yake.

Mong'ina: Tata, saiba wanataka kufunga ukurasa. Lakini nimewasikia. Naomba kuuliza wazee kitu kimoja.

Waziri: Uliza, mama. Hapa ndipo majibu yako.

Mong'ina: Kati yenu, ni nani amemaliza kupeleka ng'ombe za mahari?

Kwetu mahari haiishi siku ya harusi. Unapeleka ng'ombe mmoja, unaahidi wengine, mke anakuja, watoto wanazaliwa, na wakwe wanaendelea kungoja. Nilikitazama kikombe changu. Waziri akaona mtu wa kumpungia mkono mbali kule ambako hakukuwa na mtu. Breki, ambaye alimchukua Sharon wake bila hata jogoo, akaanza kukagua tairi. Bonasi akakohoa kama zile ng'ombe za kienyeji.

Mong'ina: Tata?

Ochoki: Mama yako... zimebaki tatu.

Mong'ina: Na nyumba mlijenga?

Ochoki: Tulijenga.

Mong'ina: Na babu wa kwa mama huwa anakufukuza ukienda kwake?

Ochoki: Hapana. Ananipa chai.

Ochoki alimtazama binti yake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, kicheko cha mtu aliyetua gunia. Akaweka kikombe chini, akasimama, wakaanza kuvuka kwenda saiba.

Bonasi: Ochoki! Na asipopata kazi haraka, hiyo mkopo atalipaje?

Ochoki hakugeuka. Alikuwa amemshika bintiye mkono kwa sababu ya malori.

— Kidogo kidogo, akasema. Kama baba yake.