Tupokigwe Mwakibinga, Mwalimu wa Mguu Unaopiga Magoti (1974–2025)

Mchungaji, wazee wa ukoo wa Mwakibinga, wakwe zetu, majirani wa Kawetele, na ninyi wanafunzi wa marehemu mliosafiri tangu jana: ndaga fijo, asanteni sana, kwa kuja. Mimi ni Prisca, mdogo wake wa kumfuata, mwalimu hapo Ibighi. Kwa desturi, wasifu husomwa na mkubwa wa familia. Kaka yetu Erasto yupo, na alikuwa tayari kuusoma, lakini nilimwomba aniachie mimi, na sikumwomba kwa upole. Kuna jambo moja ambalo familia haijakubaliana mpaka asubuhi hii. Binti yetu Atupele ana usaili wa shahada ya uzamili huko Moshi keshokutwa Jumatatu, na wazee wamesema mtoto wa marehemu hasafiri kabla ya kuanua matanga siku ya Jumanne. Nalitaja mapema ili asiwepo wa kusema nimelichomeka. Sasa tumsikilize dada tangu alikoanzia.

Tupokigwe Hezron Mwakibinga alizaliwa tarehe 4 Aprili 1974 katika kata ya Suma, mtoto wa pili wa marehemu mzee Hezron Mwakibinga na marehemu mama Esnath. Baba alilima chai na migomba. Mama alilima kila kilichobaki. Ulikuwa msimu wa mvua, njia zilikuwa utelezi mtupu, na mkunga alifika mtoto akiwa ameshaoshwa na bibi. Mama alipenda kusimulia kwamba yule mtoto alimwangalia mkunga kama mtu anayedai maelezo.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Suma kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari hapa Tukuyu hadi 1992. Alikuwa hodari wa hesabu na mbishi wa kupindukia. Mwalimu akikosea ubaoni, wenzake walisubiri amalize kuandika. Yeye alikuwa ameshasimama. Mwaka 1994, yeye akiwa kidato cha sita Mbeya, mama yetu alikatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kidonda cha kisukari. Tupokigwe alikuwa amepanga kusomea uhandisi wa barabara. Alirudi nyumbani likizo, akamkuta mama anajivuta kwa makalio kwenda jikoni, na hakuzungumzia barabara tena. Mwaka 1996 alijiunga na masomo ya viungo bandia mjini Moshi, watu wengi hapa wakiwa hawajui kwamba jambo hilo linasomewa chuoni. Baba alipoulizwa binti yake anasomea nini, alijibu kwa fahari, "Useremala wa watu."

Katika mwaka wake wa pili, mama alisafirishwa hadi Moshi, na Tupokigwe akamtengenezea mguu mbele ya walimu wake. Mguu ule ulipata alama za juu kabisa darasani. Mama akarudi Suma anatembea, kijiji kizima kikaja kuangalia. Kisha, Januari 1998, kukatokea msiba wa jirani. Mnajua wanawake wa hapa tunavyokaa msibani: chini, tumesongamana, na anayeingia anapiga magoti kuwasalimu wafiwa. Mama alifika mlangoni, akauvua mguu, akauegemeza ukutani pamoja na miavuli, akaingia akijivuta. Mbwa wa pale nyumbani akaupenda. Akaondoka nao hadi katikati ya migomba, na waombolezaji, Mungu awasamehe, wakaacha kulia wakatoka kumkimbiza. Tupokigwe alikuwa likizo, naye alikimbia nao. Watu walicheka wiki nzima, hata mfiwa mwenyewe. Yeye hakucheka.

Jioni ile alimuuliza mama, "Mama, kwa nini uliuvua?"

Mama akamjibu, "Mwanangu, mguu wako ni mzuri fijo, ila unajua kusimama tu. Msibani nitasimama na nani?"

Hapo ndipo maisha yake yalipogeukia. Alituambia kwamba chuoni walimpima mama akiwa amekaa kwenye kiti, wakamjaribisha akiwa amesimama kwenye sakafu, na kila hatua ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa hakuna aliyeuliza mama anaishi wapi. Maisha ya mama yalikuwa chini: kwenye kinu, kwenye mafiga, kwenye mkeka, kwenye magoti kanisani. Ukingo wa nyuma wa soketi, yaani ule mfuko mgumu unaoshika mguu uliobaki, ulikuwa mrefu kama vitabu vilivyotaka, na ulimchoma nyuma ya goti kila alipojaribu kulikunja. Tupokigwe alichukua msumeno akaupunguza. Mama akapiga magoti, tukapiga vigelegele. Siku ya tatu mguu ukaanza kuchezacheza na kumchubua. Watu wakamwambia ndiyo basi, huwezi kupata vyote. Yeye alisema kukata ukingo kila mwenye msumeno anaweza, lakini kujua uzito wa mtu unahamia wapi ukishaukata, hilo linataka shule, na shule hiyo ataisoma hata iwe wapi.

Alihitimu stashahada mwaka 1999. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya viungo bandia ya hospitali moja hapa wilayani, na pale alifanya kazi miaka ishirini na mitano, akiondoka kwa ajili ya masomo tu. Wakati anaanza, karakana ilikuwa chumba kimoja kinachovuja, na plasta ilikataa kukauka kwa unyevu wa Tukuyu. Alikausha violezo vya miguu ya watu jikoni kwake, juu ya jiko la mkaa, mpaka wageni wakawa wanaogopa kula kwake. Shahada ya kwanza aliipata mwaka 2009.

Tarehe 12 Julai 2003 alifunga ndoa na mwalimu Nelson Mwaijande, katika kanisa la hapo Ibighi. Shemeji Nelson, usiku na mchana tumekuona ukimuuguza, na hapa mbele ya watu wote nasema tumeridhika na wewe. Walijaliwa watoto wawili, Abrahamu na Belinda. Mwaka 2004 mdogo wetu Lusungu alipofariki akaacha mtoto wa miaka mitano, Tupokigwe hakusubiri kikao cha ukoo. Alimfunga yule mtoto mgongoni, akarudi naye Kawetele. Mtoto huyo ndiye Atupele. Aliyetaka kuuliza ni wa nani alijibiwa, "Ni wangu, kuna swali lingine?"

Mwaka 2015, akiwa na miaka arobaini na moja, alipata nafasi ya kusoma uzamili. Hapo familia ilisimama kidete kumzuia, na sitalificha hilo. Kaka Erasto alimwambia, "Mdogo wangu, fundi wa miguu na digrii nyingine tena, wapi na wapi? Una mume, una watoto, una kazi." Wengine walisema anaringa. Wengine walimwambia Nelson amfunge mke wake kamba. Nelson akawauliza kama kuna kamba inayomtosha.

Alikwenda. Utafiti wake ulihusu mguu wa mtu anayeishi chini: jinsi ya kutengeneza soketi ambayo mtu atakunja goti, atachuchumaa, atakaa mkekani, na bado haitamtoka akipanda mwinuko wa shamba la chai na mkungu wa ndizi kichwani. Siku ya kuutetea, mmoja wa watahini alimwambia, "Mama, kupiga magoti ni mila, si tiba." Dada yetu akajibu, "Nakubali, Profesa. Na hicho kiti ulichokalia ni mila ya nani?" Akamaliza kueleza, akaonyesha vipimo vyake, na mwaka 2018 akafaulu. Mama Esnath alikuwa ameshafariki tangu 2011, hakuuona ule mguu. Hilo lilimuuma dada mpaka mwisho, na linaniuma mimi sasa hivi ninapolisoma.

Belinda aliwahi kumbana mama yake kwa maswali ya vijana wa siku hizi. Akamuuliza, "Mama, why unahangaika wanawake waweze kupiga magoti? Si bora wasimame tu, waache hizo mambo?" Tupokigwe akamwambia, "Anayeweza kupiga magoti ndiye anayeweza kukataa. Asiyeweza hajakataa kitu."

Aliporudi na uzamili wake, chuo kilianza kumletea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Mnawaona leo, wale vijana waliosimama kule kwenye migomba. Aliwafundisha kwa namna yake. Mwanafunzi akimaliza mguu, hakumwambia mgonjwa atembee; alimwambia, "Sasa nisalimie kama unavyomsalimia mkwe wako." Na mtihani wa mwisho hakuufanyia karakanani. Aliwapeleka msibani pamoja na wagonjwa wao. Alikaa mkekani na wanawake, akalia kama wengine, na jicho moja likiwa kwa mgonjwa: ameingiaje, amekaaje, ameinukaje, ameuvua au hakuuvua. Mguu ukivuliwa mlangoni, mwanafunzi amefeli, hata ukiwa umeng'arishwa vipi. Wenyeji wa misiba ile walifikiri ni mwanamke mwenye huruma nyingi sana. Huruma alikuwa nayo, lakini alikuwa kazini.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alitibiwa Mbeya na baadaye Dar es Salaam, na kati ya matibabu na matibabu alirudi karakana amefunga kitambaa kichwani, akifokea watu kama kawaida. Madaktari walimwambia apumzike. Aliwaambia atapumzika kwa mkupuo. Mwezi Machi mwaka huu alishindwa kusimama, akaanza kufundishia kitandani. Wanafunzi walimletea violezo, akavipapasa na kuwaambia palipokosewa. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, asubuhi, nyumbani kwake hapa Kawetele, Nelson akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Ameacha mume, mwalimu Nelson. Watoto watatu, Abrahamu, Belinda na Atupele. Kaka yake Erasto. Mimi mdogo wake. Na watu wa Rungwe, Busokelo na Kyela wanaotembea kwa miguu aliyowatengenezea. Wengi wenu mko hapa mmekaa chini, na kutoka ninaposimama siwezi kujua ni nani kati yenu. Hiyo ndiyo shukrani aliyoitaka.

Ningeishia hapa kama wasifu mwingine wowote. Kaka Erasto aliniomba niishie hapa. Lakini maisha ya dada hayakuishia kwenye orodha ya jamaa.

Chuo kinaleta wanafunzi mahali penye msimamizi mwenye uzamili. Rungwe yote alikuwapo mmoja tu, na ndiye yule kwenye jeneza. Wale vijana wakimaliza wiki hii, hawaji wengine. Karakana itabaki, itatengeneza miguu ya kusimama, na mama zetu watarudi kuivua mlangoni. Atupele ana shahada ya kwanza, amefanya kazi na mama yake miaka mitatu, na amechaguliwa kwa usaili. Asipofika Jumatatu, nafasi inakwenda kwa mwingine, na kuipata tena ni mpaka watakapopenda wenyewe.

Kaka, jana jioni ulisema, "Kaburi la mama yake likiwa bado bichi, mtoto anapanda basi? Watu watasema hakumpenda." Sikucheka maneno hayo. Nakuheshimu, na najua unalia kuliko sisi sote. Lakini mimi nilikuwa kando ya kitanda cha Tupokigwe mwezi Mei, barua ya usaili ilipofika. Alihesabu tarehe kwa vidole, akaniangalia, akasema, "Prisca, hizi siku zikigongana, mnizike mapema. Na kama nitamzuia mtu kusoma hata nikiwa maiti, basi mmezika mtu mwingine."

Hayo ndiyo maneno yake, na Nelson aliyasikia. Watu watasema, ndiyo. Walisema alipofunga mtoto mgongoni, walisema alipokausha miguu jikoni, walisema alipokwenda kusoma na mvi kichwani. Matanga tutakaa sisi. Mimi nitakaa nafasi yangu na ya Atupele. Nina makalio ya kutosha. Atakayeuliza mtoto yuko wapi, mleteni kwangu.

Gari la mume wangu Vicent liko barabarani, limeelekezwa Mbeya. Basi la Moshi linaondoka huko kesho alfajiri. Atupele, mwanangu, usinitazame mimi, wala usimtazame mjomba. Jeneza likishashuka, utatangulia kuweka udongo, kisha utaondoka bila kumuaga mtu, maana ukianza kuaga tutakushika. Begi lako Belinda ameshaliweka garini.

Na wewe dada, pumzika kwa amani, kama utaweza.