Mirriam Mapenzi na Mikoba Iliyoitwa ya Dubai

Ndugu waombolezaji, mliokuja kulia na mliokuja kuonekana, familia inawasalimu nyote na kuwaomba msikilize hadi mwisho.

Marehemu Mirriam Mapenzi alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 hapa Majengo, binti wa pekee wa Mzee Baya na Bi Kadzo, dada mkubwa wa Lennox. Alisoma mpaka darasa la saba, karo ikakatika, akapelekwa Mji wa Kale kwa Bi Mwanatumu, aliyemfundisha kutarizi kofia kwa subira, na subira ilipokwisha, kwa matusi.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa kanisani Tudor na Ngowa Fondo, aliyemtangulia mbele za haki, wakajaliwa watoto wawili, Nicodemus na Tumu.

Mwaka wa 1991, wanawake wa mji huu walipokuwa wakifunga pesa kwenye pindo la leso, au wakibeba mikoba ya ngozi isiyo na haiba, Mirriam alichukua mshono wa kofia akauhamishia kwenye mkoba wa kitambaa, na hapo haikuwa harusi bila mkoba ule. Aliyeiuza ni wifi yake, Joy, mke wa Lennox, mwenye duka karibu na Biashara Street, ambaye aliwaambia wateja kwamba mikoba imetoka Dubai, eti kazi ya Majengo hakuna bibi wa heshima atakayeitia kwapani. Mirriam akaambiwa awe anaingilia mlango wa nyuma, na kwa ajili ya undugu akakubali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tarehe 19 Agosti 1995 Bi Mwanatumu alimwalika harusini kwao, Mirriam akaenda na mkoba alioutarizi mwenyewe, wanawake wakaushika, wakaugeuza, wakamcheka kwamba amebeba bandia, maana wa Dubai wenyewe mtu wa Majengo ataupata wapi. Joy alikuwa ameketi mkabala naye, akacheka nao. Mirriam hakushika sindano tena.

Alianza kuugua figo Januari 1998, akamtumia wifi yake ombi moja tu, asimame mbele ya watu aseme ni nani aliyeitarizi ile mikoba. Joy hakuja, wala hakujibu. Mirriam alifariki Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1998.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, washonaji wenzake, na Bi Mwanatumu, aliyefika mapema kuliko baadhi ya jamaa wa damu. Inamshukuru na Joy, aliyekuja na mkoba wa Mirriam mapajani, nao umempendeza, Mungu anaona.

Desturi yetu, kabla jeneza halijainuliwa, ni kuuliza kama yupo anayemdai marehemu. Leo marehemu ndiye anayedai, wala hadai shilingi, anadai neno moja, mwenye kulipa anajijua, na wabebaji wameambiwa wangoje. Mirriam, wewe pumzika kwa amani, sisi tunamsikiliza Joy.