Shangazi Vifungo Anastaafu Bila Cheo Alichostahili

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, anastaafu msaidizi wa tiba aliyedumu kuliko sote katika idara hii inayowafundisha wagonjwa upya kuvaa, kula na kufanya kazi zao. Wagonjwa humwita Shangazi Vifungo, kwa sababu ya kopo la vifungo analozoezea vidole vyao.

Akiwa na miaka ishirini na minne alipata barua mbili za chuo: moja ya kusomea utaalamu wa tiba kwa miaka minne, nyingine ya usaidizi kwa mwaka mmoja. Baba yake alikuwa amefariki, na wadogo zake watatu walikuwa bado shuleni. Akachagua mwaka mmoja, akamwahidi mama yake kwamba ni kwa muda tu.

Nilipofika hapa na shahada yangu mbichi, nilimpangia fundi cherehani aliyepooza mkono kazi ya kuhamisha vibanio vya nguo kutoka kikapu kimoja hadi kingine. Shangazi alinieleza taratibu kwamba mzee yule anataka sindano na uzi. Nikamtolea nadharia tatu pamoja na waandishi wake. Alizisikiliza zote, kisha akauliza ni yupi kati yao aliyewahi kupinda suruali. Idara nzima iliangua kicheko. Mimi nilinuna siku mbili. Msaidizi haruhusiwi kubadili mpango wa mtaalamu, hivyo fundi alipoteza wiki mbili kwa kiburi changu. Alipopewa sindano, mkono uliamka.

Mwaka huohuo ulitangazwa ufadhili wa wasaidizi kusomea utaalamu, mwisho umri wa miaka hamsini. Yeye alikuwa na arobaini na tisa. Nilipoombwa maoni, niliandika kwamba idara haiwezi kumkosa hata muhula mmoja. Niliiita sifa, kumbe ni woga wa kubaki peke yangu na vitabu vyangu. Ombi lake likakataliwa. Maoni yale aliyasoma, kwa kuwa ndiye anayetunza majalada yetu. Kesho yake alifika mapema, akaniuliza tu kama nimekunywa chai.

Shangazi, tunakushukuru kwa kila mkono uliorudi kazini, na tunakuombea afya na siku za utulivu. Nami naandika hapa, mbele ya wote, maoni yaliyochelewa miaka sita: apewe nafasi, aende, atatupita sote.